Hakuna Anayekusubiri Saa Mbili Asubuhi

Ukikaa bila kazi Dar es Salaam, swali utakaloulizwa kuliko yote ni "vipi, umepata?" Jirani anauliza. Mama wa vitumbua anauliza. Shangazi anauliza kwa simu kutoka Muheza, salamu hata hazijaisha. Ukijibu "bado", wote wanakurudishia neno lilelile: usikate tamaa. Wanalisema kwa moyo safi na ninawashukuru. Lakini hakuna anayekueleza jambo hilo linafanywaje Jumatano ya kawaida, saa nne asubuhi, bando limeisha, barua pepe haina kipya, na watu wote wa nyumba wameshatoka.

Nimekuwa katika hali hiyo zaidi ya mwaka sasa, kwa vipindi. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha. Mizigo ikapungua, watu wakapunguzwa, nami nikawamo. Nikaacha chumba changu cha kupanga Tabata, nikahamia kwa dada yangu Mbagala. Ninaandika kwa ajili ya mwenzangu aliye katika hali hiyo leo, maana naona tunaambiana mengi kuhusu moyo na machache mno kuhusu siku. Moyo hauvunjiki wenyewe. Zinaanza kuvunjika siku, moyo unafuata.

Tuanze na pesa, kwa sababu anayesema matumaini hayahitaji pesa hajawahi kukaa bila kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mtu aliyepunguzwa kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka 10. Aliyefanya kazi miaka mitano anaondoka na mshahara wa siku 35. Hiyo ni kodi, deni la duka, na nauli ya kuhamisha vitu. Baada ya hapo kuna fao la kukosa ajira kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii: kwa mwenye taaluma aliyechangia miezi isiyopungua 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Nimekutana na watu kadhaa, wasomi kabisa, ambao barua ya kusitishiwa kazi wameifungia kabatini na hawajawahi kuipeleka popote kwa sababu kuitazama tu kunawauma. Ipeleke. Nenda ofisi ya mfuko wako ukiwa na barua hiyo, kitambulisho na taarifa ya michango, uulize unastahili nini. Fedha hiyo ni ya jasho lako.

Na ukiipata, itenge. Mimi niligawa kidogo nilichokuwa nacho sehemu mbili: ya kula na kuchangia nyumba, na ya kutafutia kazi. Hii ya pili haikuguswa hata nyumbani kukiwa na shida ya mchele, na dada nilimweleza hivyo tangu mwanzo akaelewa. Nauli ya kwenda Dodoma kwenye usaili inatoka humo. Bando linatoka humo, na kutoa nakala steshenari, na gharama ya wakili kuthibitisha vyeti, na sabuni ya kufulia shati jeupe. Mtu akiitwa kwenye usaili akakosa nauli, huwezi kumwambia ajipe moyo.

Sasa nije kwenye siku zenyewe.

Karibu na Vienna, nchini Austria, kuna mahali panaitwa Marienthal. Watu wa pale karibu wote waliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka 1929 kiwanda kikaanza kufunga kitengo kimoja baada ya kingine, na mwaka 1930 kikafungwa kabisa. Mwishoni mwa 1931 lilikwenda kundi la watafiti vijana, miongoni mwao Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, wakataka kujua kijiji kizima kikikosa kazi kinaishije. Walihesabu kila kitu: chakula cha watoto shuleni, mapato ya kila familia, bustani za mboga, hata mwendo wa watu barabarani.

Kilichonishika ni habari ya maktaba. Wafanyakazi wa Marienthal walikuwa na maktaba yao, na zamani walilipa ada ili waazime vitabu. Kazi ilipoisha ada ikaondolewa. Muda wa kusoma ulikuwa tele na vitabu bure. Lakini kati ya 1929 na 1931 uazimaji ulishuka kwa karibu nusu. Watu waliokuwa wakisoma usiku baada ya zamu ndefu kiwandani hawakusoma tena walipopewa siku nzima.

Kisha watafiti wakakaa dirishani, saa mkononi, wakipima mwendo wa wapita njia. Wanaume walitembea polepole na kusimamasimama njiani. Wanawake walitembea haraka. Wanaume wengi walikuwa wameacha hata kubeba saa. Walipoombwa waandike walivyoitumia siku, saa baada ya saa, mmoja aliandika kwamba aliwaamsha watoto waende shule, akaleta kuni na maji, kisha hapo katikati ikafika mchana. Asubuhi iliyobaki haikuwa na cha maana cha kuandikwa.

Wanawake wa Marienthal wengi walikuwa wamefanya kazi kiwanda kilekile, na wao pia walipoteza mshahara. Tofauti ni kwamba mtoto alikuwa anarudi mchana ale, nguo ilikuwa na tundu la kushona, moto ulikuwa wa kuwashwa. Kuna mtu aliyewasubiri. Namtazama dada yangu, anayeamka saa kumi na moja alfajiri, nauelewa mwendo ule wa haraka. Sisemi mzigo wa nyumbani ni baraka. Wanawake wa Marienthal wenyewe walitamani kurudi kiwandani. Ninachosema ni kwamba zamani, saa mbili asubuhi, palikuwa na meza yangu na bosi na mteja mwenye fomu mkononi, na nisipofika simu ingelia. Siku hizi nisipofika popote hakuna simu inayolia, na hiyo ndiyo hali inayomlegeza mtu polepole, mshahara kando.

Jahoda aliendelea kulifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Mwishowe alisema kazi, pamoja na pesa, humpa mtu mambo matano: mpangilio wa muda, watu wa nje ya familia yake, lengo analolifuata pamoja na wengine, nafasi inayotambulika katika jamii, na shughuli ya lazima. Nilipoyasoma hayo ndipo nikajua natafuta nini. Kazi yenyewe iko mikononi mwa mwajiri ambaye sijakutana naye. Haya matano, walau baadhi yake, ningeweza kuanza kuyatafuta kesho yake asubuhi.

Muda ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, kwa sababu kwangu sikuanza na ukurasa mtupu. Swala tano ni ratiba isiyohitaji mwajiri. Aliyesimama msikitini alfajiri ameshaonana na watu, amenawa, amevaa, na siku yake ina mwanzo. Mkristo anayo misa ya asubuhi au jumuiya. Asiye na hayo anaweza kuwa na mtoto wa kumpeleka shule. Ninachoshauri ni kwamba mwanzo wa siku uwe nje ya kitanda na nje ya simu, na usitegemee unavyojisikia.

Kisha nikaenda Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, na tangu wakati huo sidhani kama imewahi kukosa kijana mwenye bahasha ya kaki. Nauli hainiruhusu kwenda kila siku, kwa hiyo nimechagua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Pale nikakutana na watu wawili wa hali yangu: dada mmoja aliyesoma maendeleo ya jamii na kaka mmoja fundi umeme mwenye cheti cha chuo cha ufundi stadi, VETA. Tukaanza kwa kusalimiana, tukafika mahali pa kusomeana barua za maombi, na sasa tuna makubaliano: saa tatu na nusu kila mtu awe amefika, na atakayekwama ajulishe. Wenzangu hawa ndio simu yangu inayolia nisipofika. Hakuna semina ya hamasa niliyowahi kuhudhuria iliyonifanyia nusu ya kazi inayofanywa na ujumbe ule mfupi, "uko wapi?"

Tunafanya mambo ya kawaida. Mmoja anapitia matangazo kwenye Ajira Portal, mtandao wa kuombea kazi za serikali wa Sekretarieti ya Ajira, mwingine tovuti za mashirika na makampuni, wa tatu anapiga simu kwa watu. Tunaulizana maswali ya usaili kwa sauti ya chini. Nilishangaa jinsi mtu anavyoweza kuijua kazi yake vizuri na bado akashindwa kuieleza kwa dakika mbili. Fundi wetu anaweza kufunga umeme wa ghorofa nzima, lakini mara ya kwanza tulipomuuliza "tueleze kuhusu wewe" alitaja jina na shule ya msingi, akanyamaza. Sasa anaeleza mita ya umeme, mzigo wa nyaya na usalama kazini mpaka unataka kumwajiri hapohapo.

Saa nane mchana tunafunga. Hili nalisisitiza. Mwenye kazi anajua saa ya kutoka, na ndiyo maana jioni yake ni jioni. Anayetafuta kazi asipojiwekea saa ya kutoka atatafuta mpaka usiku wa manane, akiburuza kidole kwenye simu, hafanyi kazi na hapumziki. Baada ya saa nane mimi si mtafuta kazi. Ni mjomba wa watu, ni mchezaji wa bao pale kona, ni mtu wa kusindikiza jirani hospitali.

Kuna jambo la hesabu ambalo lilinipunguzia mzigo mkubwa, na kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu niruhusuni. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliita usaili Uwanja wa Taifa, na wengi wetu tunakumbuka picha zile: zaidi ya watu 10,000 majukwaani kwa nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yalipita 135,000. Gawanya: ni kama watu 85 kwa kiti kimoja. Hata kama wote 85 ni wazuri, 84 watarudi nyumbani.

Nilikuwa nikifungua lile faili la majina ya walioitwa kwenye usaili, nikishuka ukurasa baada ya ukurasa, na nilipofika mwisho bila kujiona nilikuwa nalichukua kama neno juu yangu. Kama vile kuna mtu amekaa, ameyatazama maisha yangu, akatikisa kichwa. Hakuna mtu huyo. Kuna viti vichache na watu wengi, na nchi ambayo kila mwaka inahitimisha vijana wengi kuliko nafasi za kazi za ofisini zinazofunguliwa. Hilo ni tatizo la kweli, linahitaji sera na wanaolisimamia wanapaswa kuulizwa. Halipaswi kubebwa na kijana mmoja usiku kitandani kana kwamba ni aibu yake binafsi.

Hesabu hiyohiyo inanionyesha sehemu iliyo yangu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliwi, kwamba barua iwe imesainiwa, vyeti viwe vimethibitishwa. Watu wanaenguliwa hapo kabla hata sifa zao hazijasomwa. Kwa hiyo kipimo changu cha wiki nilikibadilisha. Siulizi wangapi wamenijibu, maana hilo haliko kwangu. Nauliza ni maombi mangapi niliyoyatuma yakiwa kamili, yamesomwa na mwenzangu mmoja kabla hayajaenda. Wiki yenye maombi mawili ya namna hiyo kwangu ni wiki njema, na Ijumaa narudi Mbagala nikiwa nimefanya kazi.

Ni vizuri pia kujua kwamba kufaulu usaili bila kupangiwa kituo si mwisho. Majina ya waliofaulu nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, na wapo watu wanaopigiwa simu baada ya miezi. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo. Na simu inayokutaka utume pesa ya fomu au "ya kumwona mkubwa", ikate. Sekretarieti imesema mara nyingi kwamba haitozi mtu kwa ajira. Matapeli wanajua hasa ni nani ambaye leo hawezi kukubali kwamba ni utapeli, na ukatili wa jambo hilo unanikasirisha kuliko kitu kingine chochote katika habari hizi.

Sasa koneksheni. Huwezi kuzungumza kuhusu kazi kijiweni bila neno hilo kutoka, na mara nyingi linatoka na uchungu: bila mtu, hupati. Sitakataa kwamba upendeleo upo. Ila nataka nieleze sehemu nyingine ya jambo hili, ambayo nadhani wengi hatuioni. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya mahojiano na watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu. Aliwauliza: huyo aliyekupa habari mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliosema wanaonana naye mara kwa mara hawakufika hata mmoja kati ya watano. Zaidi ya robo walisema walikuwa hawaonani naye karibu kabisa. Mfanyakazi mwenzako wa zamani, mtu mliyesoma naye, rafiki wa rafiki. Sababu yake inaeleweka ukiifikiria: dada yangu, shemeji yangu na marafiki zangu wa Mbagala wanajua yaleyale ninayoyajua mimi. Habari mpya inatoka kwa yule anayeishi kwenye watu wengine.

Na hao ndio tunaowakimbia tukikosa kazi. Kwenye kikao cha harusi hatuendi kwa sababu mchango hatuna. Kwenye arobaini hatuendi kwa sababu tutaulizwa. Tunajificha mbele ya watu walewale wenye habari. Mimi sasa nakwenda. Mchango nikikosa nasema mapema kwa mwenyekiti wa kamati, najitolea kushika daftari la michango, kazi ninayoiweza kuliko wengi pale. Kwetu pwani mtu hafukuzwi msibani kwa kukosa hela; anayebeba viti na kuchota maji anaonekana.

Kazi ndogo niliyonayo sasa ilitoka mazikoni, Temeke. Nilikutana na mtu ambaye zamani alikuwa akileta nyaraka kaunta kwetu. Sikuwa hata na namba yake. Akaniuliza niko wapi siku hizi. Nikamwambia ukweli bila kuuzungushazungusha: kazi iliisha, ninatafuta, ninajua vitabu vya hesabu, ritani za kodi na nyaraka za forodha. Nimejifunza kusema hivyo, kazi ninayoijua kwa jina lake, kwa sababu anayesema "nitafutie kazi yoyote" anamwachia msikilizaji mzigo mkubwa, na msikilizaji anausahau kabla hajafika stendi. Siku chache baadaye mtu yule akanipigia. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo risiti zake za mashine ya EFD zilikuwa zimevurugika na ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya tarehe 20 ilikuwa inakaribia. Sasa ninazo hesabu za maduka mawili pale. Hazitoshi kurudi kupanga, lakini tarehe 18 ya kila mwezi kuna mtu Kariakoo anauliza nitafika saa ngapi.

Watanishangaa wanaosema "si ujiajiri, basi". Ninaheshimu sana waliojiajiri, na mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imewainua watu ninaowafahamu. Lakini biashara ni ujuzi na mtaji, na mwenye deni na mawazo si lazima awe mfanyabiashara ndani ya wiki mbili kwa sababu tu ofisi imemfungia mlango. Mpango wa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, wa kuwapeleka wahitimu kwenye utarajali, yaani kujifunza wakiwa kazini, unaweza kumfaa mwingine zaidi. Kila mtu na njia yake.

Kukaa kwa shemeji kuna uzito wake, na anayejua anajua. Mtu mzima unakula kwa mwingine, unasikia mlango wa jokofu unavyolia ukiufungua. Shemeji yangu ni dereva wa lori, mtu wa maneno machache, hakuwahi kunisema. Lakini kutosemwa hakutoshi. Kuna siku ukimya wa mwenyeji unakuwa mrefu. Kilichoniwezesha kukaa kwa heshima ni kwamba tulipanga. Wapwa wangu wawili ninawafundisha hisabati kila jioni baada ya magharibi, na yule mkubwa anaingia kidato cha pili bila kuogopa aljebra. Maji na umeme, kujua vimebaki kiasi gani na kununua kabla havijaisha, ni langu. Vilevile nilimwomba dada kwamba siku zangu tatu za maktaba zihesabiwe kama siku za kazi, nisitumwe sokoni saa tatu. Alisita kidogo, maana anayekaa nyumbani ndiye anayeonekana ana nafasi, kisha akakubali. Wanaotafuta kazi, hasa wasichana, wanamezwa na kazi za nyumba mpaka muda wa kuandika barua moja unakosekana, halafu wanaambiwa hawajitumi.

Usiku mmoja shemeji alirudi kutoka safari ya Tunduma. Badala ya kuuliza nimepata, akaniuliza: "Shemeji, kesho ratiba yako ikoje?" Nikamweleza, nayo ilikuwepo ya kueleza. Tangu hapo ndivyo anavyoniuliza, nami huwa na jibu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo ninalifanya peke yangu: kuandika. Mapema miaka ya 1990 watafiti kule Dallas, akiwemo mwanasaikolojia James Pennebaker, waliwachukua wahandisi na wataalamu waliopoteza kazi baada ya miaka mingi. Baadhi waliombwa waandike kwa muda mfupi, siku tano mfululizo, walivyojisikia kuhusu kupoteza kazi: hasira, aibu, familia, yote. Wengine waliandika ratiba zao tu, na wengine hawakuandika. Utafiti ulichapishwa mwaka 1994, na walioandika ya moyoni walikuwa wamepata kazi mapema kuliko wenzao, ingawa hawakutuma maombi mengi kuliko wao. Watafiti walidhani waliokwisha kuitoa hasira kwenye karatasi hawakuingia nayo kwenye chumba cha usaili. Hilo naliamini. Swali la "kwa nini uliondoka kazi ya mwanzo" limewaangusha wengi wenye sifa, kwa sababu sauti ilibadilika. Mimi niliandika kurasa kadhaa kuhusu ile siku tulipoitwa ofisini mmoja mmoja, nikazichana. Sasa nikiulizwa nasema, "Kampuni ilipunguza watu," naendelea na la pili.

Pamoja na yote hayo zipo siku ambazo hakuna kinachosaidia. Sitaki mtu asome hapa akadhani ratiba inatibu kila kitu. Usingizi ukikataa wiki baada ya wiki, chakula kikawa hakiliki, ukaanza kuona nyumba ingekuwa bora bila wewe, hapo hakuna tena suala la kujipa moyo. Hiyo ni sonona, ni ugonjwa, nenda hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili na hospitali za mikoa nazo zinapokea. Mwambie mtu mmoja akusindikize.

Wale watafiti wa Marienthal walizigawa familia walizozichunguza kwa karibu. Wachache walikuwa bado hawajavunjika, wengi walikuwa wamekubali tu yaishe, wengine wamekata tamaa au wamelegea kabisa. Walipoangalia mapato waliona ngazi ileile: wasiovunjika walikuwa na chochote zaidi kidogo kuliko wengine. Si kingi, bei ya viatu vya mtoto labda. Kwa hiyo kama kwenu yupo asiye na kazi, unaweza kumsaidia kwa vitu vidogo sana na vikashika. Mtumie bando la wiki Jumapili usiku, bila maneno. Mlipie nakala steshenari. Mpe shughuli yenye saa yake: akupitie hesabu za kikoba, akamfuate mtoto shule saa kumi kamili, na akichelewa umuulize. Mtaje kwa kazi anayoijua mbele ya watu usiowazoea sana, wale wa kikao cha harusi. Na ukiona tangazo la kazi, mtumie lote pamoja na ukurasa wa sifa na tarehe ya mwisho. Zile picha zilizokatwa nusu zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zimetupeleka wengi kwenye ofisi ambazo maombi yalifungwa mwezi uliopita, na nauli ya kwenda na kurudi Posta kwetu ni chakula cha mchana.